Lita 12 kwa saa: shajara ya kutafuta maji yanayopotea nyumbani

Bili ya maji ilipanda miezi miwili mfululizo, na hakuna mgeni aliyehamia wala bustani iliyoongezwa. Nilianza kuandika haya ili nijue maji yanakwenda wapi. Nimeendelea kwa sababu makosa yangu yanaweza kumpunguzia mwingine mafuriko. Mimi si fundi bomba. Nina spana malaya moja, bisibisi mbili na ubishi wa kutosha. Gharama nitaziandika kwa saa, vifaa na maji yaliyomwagika, kwa kuwa bei za dukani hazifanani popote.

9 Januari: mita

Funga koki zote, kisha nenda ukaitazame mita. Yangu ina kigurudumu kidogo kinachozunguka hata maji yakipita membamba kama uzi. Ndani hakuna koki iliyokuwa wazi, lakini chenyewe kilikuwa kinazunguka taratibu bila haya.

Ili nipate kiasi, nilisoma tarakimu saa nne usiku na tena saa kumi na mbili asubuhi. Tarakimu nyeusi ni mita za ujazo, zile nyekundu ni sehemu zake, na ya tatu baada ya nukta ndiyo inayohesabu lita. Usiku wa kwanza ulikuwa kazi bure: mtu aliamka, akaenda chooni, akaflashi, akarudi kulala. Usiku wa pili nikafunga kishikio cha choo kwa utepe na kuacha ndoo ya maji pembeni. Asubuhi: lita 96 kwa saa 8.

Lita 12 kwa saa. Kwa siku ni lita 288, kwa mwezi zaidi ya mita za ujazo 8, na hakuna aliyenawa hata mkono. Kumbe haba na haba hujaza na bili.

Kisha nikaanza kugawa. Koki iliyo nyuma ya choo ilikuwa ngumu, nikaijaribu kidogo nikaiacha (nitaijutia mara chache sana busara hiyo, subirini ya sinki). Badala yake nililaza fimbo juu ya tangi la choo, nikalifunga boya kwa kamba likabaki juu, maji yasiweze kuingia. Nikasoma mita saa nzima: lita 5. Kwa hiyo choo peke yake kinakula 7. Chini ya koki ya sinki inayodondoka nikaweka kopo, baada ya saa moja nikapima mililita 300.

Toa 7, toa 0.3. Zinabaki lita 4.7 ambazo sizioni popote. Namba hiyo nimeiandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya mlango wa bafu. Ndiyo inayonisumbua.

13 Januari: choo

Matone machache ya rangi kwenye tangi, usiflashi, subiri nusu saa. Maji ya bakuli yakabadilika rangi, maana yake mpira wa kuzibia chini ya tangi, ule mafundi wanaouita flapa, haukai sawasawa. Usiiache rangi humo siku nzima, itachora madoa. Flashi ukishaona.

Nilinunua flapa kwa kukadiria kwa macho. Kosa. Zipo za inchi 2 na za inchi 3, yangu ilikuwa ya 3, nami nikarudi na ya 2. Safari ya pili nikabeba ile ya zamani mfukoni, ikaacha weusi kwenye suruali. Huo mpira ukizeeka huwa kama masizi.

Flapa mpya ikaingia, nikarudia jaribio la rangi. Bado inavuja! Nusura nilaumu duka. Nikapitisha kidole kwenye ukingo inapokalia flapa: umejaa magamba ya chumvi, unakwaruza kama msasa. Mpira laini hauwezi kuziba juu ya kitu cha namna hiyo. Siki na sifongo laini, dakika 20, bila kisu wala brashi ya waya, kwa sababu ukiuchimba ukingo hata kidogo utakuwa umeuharibu kabisa. Kisha mnyororo: ukiwa mfupi unaininginiza flapa, ukiwa mrefu unaingia chini yake. Niliuachia ulegevu wa nusu inchi hivi.

Jaribio la tatu, bakuli jeupe. Mita: lita 5 kwa saa, na boya halikufungwa. Gharama: flapa mbili (moja haina kazi), saa tatu, suruali.

27 Januari: koki ya sinki, na mafuriko

Hapa ndipo shajara hii inapostahili kusomwa polepole.

Koki ya aina ya kuzungusha ikidondoka, mara nyingi tatizo ni washa ya mpira iliyo mwisho wa mhimili wake. Unafunga maji, unaitoa shingo, unabadilisha washa, unarudisha. Nilikuwa nimetenga nusu saa.

Koki ndogo ya kufungia maji chini ya sinki ilikuwa haijaguswa miaka. Haikuzunguka. Wiki mbili nyuma niliiacha ya choo kwa sababu hiyohiyo, lakini leo nilikuwa nimekwisha kulala chini ya sinki na tochi mdomoni, sikutaka kuamka mikono mitupu. Nikaikamata kwa spana. Ikazunguka robo, nikafurahi, nikaongeza nguvu, mhimili ukakatika. Maji yakaruka kutoka kwenye shingo yake.

Sikupaniki. Nilijua pa kwenda: getivalvu kubwa ya nyumba, nje baada ya mita. Nikaizungusha mpaka mwisho. Ndani maji yakapungua nusu, hayakukatika. Getivalvu ina bamba linaloshuka ndani yake kama lango. Likikaa wazi miaka bila kuguswa, mchanga na kutu hujikusanya kwenye nafasi yake, halifiki tena chini. Kwa hiyo nilikuwa na valvu inayoonekana imefungwa na nyumba inayojaa maji.

Kilichosaidia ni koki ya uani, iliyo chini kuliko zote. Nilipoifungua yote, maji mengi yakakimbilia huko na pale chini ya sinki yakabaki yanatiririka kiasi cha kupokea kwa karai. Mke wangu akakinga, mimi nikapiga simu. Tulibadilishana karai kwa saa moja na nusu.

Fundi alipofika hakuuliza kitu kuhusu sinki. Alikwenda moja kwa moja kwenye getivalvu, akaizungusha, akatikisa kichwa.

"Bwana, ungeanza na hii."

"Nilijua inafanya kazi."

"Uliijaribu lini?"

Sikuwa na jibu.

Ili aibadilishe ilibidi mamlaka ya maji waje wafunge koki iliyo kabla ya mita, ambayo si yangu kuigusa wala si yake. Wakaja kesho yake asubuhi. Usiku huo alitufungia kwa kuziba lile bomba dogo chini ya sinki kwa kizibo cha kuskrubu, akiwa amelowa mpaka kiunoni.

Gharama: fundi, siku mbili. Getivalvu nje, bolivalvu mahali pake, ile ya mkono mmoja inayofunga kwa robo mzunguko. Koki mpya chini ya sinki. Mbao za chini ya kabati zimevimba, hazitarudi. Malipo ya fundi peke yake yalikuwa mara nyingi zaidi ya bei ya washa niliyokuwa naenda kubadilisha.

Niliyoyaandika baada ya kukauka: kabla ya kugusa chochote, funga koki kuu, fungua koki moja ndani, uone kama maji yanakoma kweli. Yasipokoma, hiyo koki kuu ndiyo kazi ya kwanza, na si kazi yako. Pia fundi alinionyesha kwamba koki ngumu huwa na nati shingoni mwake inayobana nyuzi za kuzuia maji. Kuilegeza robo, kutia mafuta kidogo, kuusukuma mpini mbele na nyuma kwa vidole, kisha kuibana tena, kunaweza kuikomboa. Isipokubali kwa vidole, isilazimishwe kwa spana.

10 Februari: koki ya sinki, mara ya pili

Safari hii maji yalikata kwa mkono mmoja. Raha yake siwezi kuieleza.

Washa mpya ikaingia kwa dakika 15. Bado inadondoka. Nikaifungua tena, nikaingiza kidole kidogo ndani na kupapasa mahali washa inapokalia: kuna mfereji uliochimbwa na maji, kama kovu. Watu wakiona koki inadondoka huibana kwa nguvu zaidi, chuma kinaumia, maji yanaendelea kupita kwenye jeraha. Kipo kifaa cha kusaga mahali hapo pakawa laini, lakini koki hii ilikuwa ya zamani na nyepesi. Nikaamua kubadilisha koki nzima.

Tredi tepu, ile nyeupe, nayo ilinifundisha adabu. Niliizungusha upande usio wake, hivyo nilipokuwa nafunga koki ikajikunja na kusukumwa nyuma ikawa shada. Ikavuja. Uelekeze mwisho wenye nyuzi, ile mikato ya kuskrubia, usoni kwako, zungusha tepu kufuata mwendo wa mshale wa saa, ukiivuta ikae ndani ya nyuzi. Mizunguko 3 hadi 5 inatosha. Na mirija ya kunyumbulika inayoleta maji kwenye koki haitaki tepu kabisa: ina mpira wake ndani ya nati, unaobanwa kwa mkono kisha robo mzunguko wa spana. Mimi niliupaka tepu na kuubana mpaka mpira ukapasuka. Mrija wa pili.

Matokeo: hakuna tone. Mita: 4.7, sawasawa na karatasi. Nilipoiona nilifurahi kama mwalimu wa hesabu, kisha nikakumbuka kwamba namba hiyo ni maji yanayoingia mahali nisipopajua.

17 Februari: sinki limeziba (kwa ufupi)

Si sehemu ya hesabu, lakini lilitokea. Trapu, lile bomba lililopinda chini ya sinki, hukaa na maji ndani ili harufu ya bomba la maji machafu isipande. Taka hukaa humohumo. Weka ndoo, legeza nati mbili kwa mkono, toa, safisha, rudisha. Dakika 20.

Nilitoa trapu, nikabeba ndoo iliyojaa uchafu mweusi, nikaimwaga kwenye sinki. Sinki lisilo na trapu. Nilijimwagia miguu.

Kosa lililokuwa na hatari ni la usiku uliotangulia: nilikuwa nimemimina dawa ya kuzibua yenye magadi makali, haikuzibua, na asubuhi nikafungua trapu iliyojaa dawa hiyo bila glavu. Nilibahatika kupata mchubuko mdogo tu. Ukishamimina dawa ya namna hiyo, usisukume kwa pampu ya mpira wala usifungue bomba bila kinga ya macho na mikono, na fundi akija mwambie umemimina nini kabla hajainama. Usiongeze dawa nyingine juu yake. Blichi ikikutana na tindikali hutoa gesi ya klorini, hata bafuni kwako.

Likiziba sinki moja, hiyo ni ya kwako. Yakiziba mawili, au ukiflashi choo na maji yakapanda sakafuni mwa bafu, ujue limeziba bomba kuu au chemba. Hapo acha kutumia maji nyumba nzima na piga simu. Na asiingie mtu ndani ya chemba kutazama. Gesi iliyomo hunuka kama yai bovu mwanzoni, ikizidi inaua pua usiisikie tena, kisha inamwua mwenye pua.

2 Machi: zile 4.7

Nilifunga koki inayopeleka maji kwenye hita. Kigurudumu cha mita kikasimama. Nikaifungua, kikaanza. Nikarudia mara tatu, mara ya mwisho nikamwita binti yangu awe shahidi.

Kwa hiyo ni upande wa maji ya moto. Mabomba yake hupita ukutani nyuma ya bafu. Nikaweka ncha ya bisibisi ndefu ukutani na mpini sikioni, saa sita usiku, nyumba ikiwa kimya. Karibu na kona ya chini palikuwa na sauti kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Kigae cha sakafuni hapo kilikuwa na uvuguvugu kidogo kuliko vingine. Wiki nzima nilikuwa nimesimama juu yake pekupeku nikidhani ni jua.

Nyundo ilikuwa mkononi, nakiri. Nikakaa juu ya ukingo wa bafu nikajiuliza maswali mawili tu. Nikiharibu, naweza kuyafunga maji? Ndiyo, sasa naweza. Nikishavunja, najua kuunganisha nitakachokikuta? Sikujua hata bomba lililomo ni la nini. Nikarudisha nyundo.

Jambo moja la kuandika kwa aibu: siku hiyohiyo nilikuwa nimenunua kizibo cha kuziba valvu ya usalama ya hita, kwa sababu hudondosha matone hita ikiwashwa. Nilitaka "kuondoa uvujaji mmoja zaidi".

5 Machi: ukuta

Fundi yuleyule. Kwanza aliona kile kizibo juu ya hita, akakichukua, akakitia mfukoni mwake. Akanieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, kwamba maji yakipashwa hutanuka, na valvu ile ndiyo mlango wake pekee wa kutokea mambo yakiharibika. Ukiuziba, umetengeneza bomu lenye waya wa umeme. Matone machache wakati wa kupasha si ugonjwa. Yakitoka mfululizo, mpigie fundi apime shinikizo la maji na kuikagua valvu.

Hakuvunja mara moja. Alifunga geji, kile kipimo cha shinikizo, kwenye mstari wa maji ya moto, akausukuma kwa pampu ya mkono, akasubiri. Sindano ikashuka mbele ya macho yetu. Kisha akasikiliza kwa kifaa chake, akaweka alama ya penseli umbali wa kiganja kutoka nilipoweka yangu. Angeniachia mimi, ningevunja kigae kisichohusika.

Shimo lilikuwa la sentimita 30 kwa 30. Ndani: bomba la chuma lenye zinki limefungwa moja kwa moja kwenye kiungo cha shaba nyeupe. Metali hizi mbili zikigusana ndani ya maji, iliyo dhaifu huliwa, na nyuzi ndipo chuma kilipo chembamba zaidi. Kuna mtu aliwahi kufanya ukarabati hapo akachukua alichokuwa nacho. Kutoka kwenye nyuzi mbili zilizooza ulikuwa unatoka ukungu, si hata mchirizi.

Alikata kipande kibovu na kuweka bomba la plastiki la PPR, linalounganishwa kwa kuyeyusha: mashine ikiwa na nyuzijoto 260, bomba na kiungo vinapashwa pamoja sekunde 5 kwa bomba la milimita 20, kisha vinasukumwa bila kuzungushwa na kushikiliwa vipoe. Nikaomba kujaribu kwenye vipande vya kutupa.

"Karibu."

Nilipasha sekunde 10 hivi, nikasukuma huku nikizungusha kidogo, kwa mazoea ya nati. Akalikata bomba langu kwa urefu: ndani plastiki iliyoyeyuka ilikuwa imejikunja mpaka tundu limebaki la kalamu. Kwa nje lilikuwa linapendeza kuliko lake.

Nilitaka kigae kirudi jioni ileile, bafu ni moja. Akakataa. Maji yakae na shinikizo usiku mzima, ukuta wazi, tuone. Nilinung'unika, halafu nikakumbuka karai.

Gharama: fundi siku moja na nusu, kigae kimoja (tulikuwa na akiba, bahati), saruji, usiku mmoja wa kuoga kwa ndoo.

7 Machi: mita

Saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Kishikio cha choo kimefungwa utepe, ndoo pembeni. Tarakimu zile zile, hata ya mwisho. Karatasi ya 4.7 imetolewa mlangoni, ingawa gundi yake imeacha alama.

30 Machi: nyongeza

Bolivalvu ya nje naifunga na kuifungua kila mwanzo wa mwezi, siku ninayosoma mita. Dakika moja. Bili ya mwezi huu imerudi karibu na ilivyokuwa mwaka jana.

Bado koki iliyo nyuma ya choo. Inatoka kwenye bomba la chuma linaloingia ukutani, la umri ule ule na lile lililooza. Jana niliishika kwa vidole viwili, ikakataa, nikaiachia. Fundi atakuja Jumamosi kwa ajili hiyo tu. Nimemwahidi spana itakuwa kabatini.